Dozi ya Kundi la Pili

11 Januari

Mdogo wangu,

Usishtuke kuona barua. Simu ya saluni ina masikio ishirini, na hii ya kwangu nikikupigia utaniambia "usijali dada" mara kumi kisha utakata. Kwenye karatasi huwezi kuniharakisha.

Kile kivimbe nilichotolewa titini mwaka juzi kimerudi, ila safari hii kimehamia kwenye mapafu. Vivuli vinne. Daktari amenionyesha kwenye picha, kimoja baada ya kingine, kwa ncha ya kalamu. Dripu hazinisaidii tena. Nimelijua hili tangu mwezi uliopita; sikukuambia kwa sababu nilitaka kwanza nizoee kulitamka bila sauti kutetemeka.

Sasa sikiliza. Juzi nesi wa utafiti alinikalisha akanipa karatasi, kurasa kumi na moja, utafiti wa dawa mpya. Dawa yenyewe haina jina, ina namba tu. Hamsini na nane. Nikarudia kusoma. "Inazuia kimeng'enya chenye zinki kinachousaidia uvimbe kusambaa." Nikaanza kucheka peke yangu, nesi akadhani habari zimenipanda kichwani. Si ndiyo hiyo uliyokuwa ukiniimbia miaka minne, hamsini na nane, hamsini na nane, kama mtu aliyepata mchumba?

Sikumwambia nesi kwamba aliyeitengeneza niliwahi kumnyoa kipara kwa sababu ya chawa.

Niambie: nitie sahihi? Na unieleze inafanya nini, kwa lugha ya watu, si ya chupa.

Dada yako, ambaye Jumamosi amesuka vichwa saba na hajachoka


19 Januari

Dada,

Barua yako niliisoma nimesimama mlangoni, funguo bado zinaning'inia kwenye kitasa. Mwezi mzima unajua na hukuniambia. Tutagombana siku nyingine.

Ndiyo, ni ileile. Nitajaribu kukueleza ulivyotaka. Mwilini mna ukoo wa vimeng'enya, ishirini na kitu, ndugu wa baba mmoja mama mmoja. Kazi yao ni kutafuna vilivyochakaa ili vipya vipate nafasi. Kila mmoja ana chembe ya zinki katikati ya mdomo, na hiyo zinki ndiyo inayong'ata. Kati yao yuko mkorofi ambaye uvimbe umemwajiri: anatoboa kuta, uvimbe unapita, unahamia mapafuni. Huyo ndiye tunayetaka kumfunga mdomo.

Shida ni kwamba wamefanana mno. Dawa za waliotutangulia ziling'ang'ania zinki tu, na zinki wanayo wote, kwa hiyo ziliwafunga midomo ukoo mzima, hata wale wema. Mmoja wa hao wema mimi humwita Mfagizi, kwa sababu anasafisha viungo, mabega na vidole. Ukimfunga yeye, mtu anakakamaa. Sisi tuliipunguzia dawa pupa yake ya kushika zinki, tukaipa mkia unaoingia kwenye kijishimo kilicho kando ya mdomo. Kwa mkorofi kijishimo kinakwenda mbali. Kwa ndugu zake ni kifupi, mkia unagota. Miaka minne ni hiyo tu, dada: kuurefusha mkia na kuufupisha, mara hamsini na nane.

Tia sahihi. Lakini usiseme kwamba mimi ni nduguyo. Utafiti una masharti yake. Wanaweza kukutoa orodhani kwa sababu yangu, na mimi hapa wataniweka kando. Hatudanganyi mtu, tunanyamaza tu.

Ukihisi vidole au mabega yanakaza, mwambie nesi siku hiyohiyo.

Mdogo wako


3 Februari

Daktari wa Chupa,

Nimetia sahihi. Vidonge viwili kila asubuhi, vikubwa kama vya ng'ombe. Na akili yako yote hiyo umeshindwa kuvipunguza? Kundi la kwanza tuko sita. Tutameza wiki kumi, na wakituona tuko salama, kundi la pili litapewa mara mbili ya dozi yetu.

Tunasubiri kwenye benchi refu la bluu nje ya chumba cha damu, chini ya feni inayozunguka kwa kujilazimisha. Hapo nimepata rafiki. Ni mwalimu wa hesabu, mrefu, mifuko ya koti imejaa vumbi la chaki. Uvimbe wake ulianzia utumboni, sasa uko kwenye ini. Yeye amepangwa kundi la pili, kwa hiyo bado anakuja kupimwa tu. Akaniuliza kazi yangu, nikamwambia msusi.

"Basi sote tunaishi kwa kuchora mistari," akasema. Kisha akavua kofia, kichwa kinang'aa kama sahani. "Lakini kwangu hutapata kazi."

Tulicheka mpaka nesi akachungulia kuona kama kuna aliyezidiwa.

Swali moja. Karatasi inasema "maumivu ya viungo yanaweza kutokea." Yakitokea wanafanyaje? Nauliza tu.

Dada yako


12 Februari

Dada,

Wanafanya hivi. Mtu akisema viungo vimekaza, yeye anasimamishiwa dawa. Wakifika wawili kati ya sita, dozi haipandishwi, kundi la pili halianzi. Na mkuu wetu wa maabara ametuambia waziwazi: hilo likitokea wafadhili watafunga kazi yote, maana dawa mbili za aina hii zimeshawafia mkononi kwa sababu ya viungo hivyohivyo.

Nakwambia haya ili utulie. Breki zipo, na zimewekwa mikononi mwenu ninyi mnaomeza, si mwetu.

Umeze na chakula. Nesi akupime uzito kila wiki, asikisie kwa macho.

Mdogo wako


20 Aprili

Mdogo wangu,

Usihangaike na mwandiko. Nimejikata kidole kwa mkasi, kalamu inanitonesha, ndiyo maana Mwalimu ananiandikia. Mimi nasema, yeye anaandika, na kila sentensi ananisahihisha kama niko darasa la nne.

Vivuli! Vilikuwa vinne, sasa ni viwili, na hivyo viwili vimenyauka. Daktari alizipachika picha mbili sambamba, ya Januari na ya juzi, akasogea kando nione mwenyewe. Nesi akatokwa na machozi. Mimi nilibaki nimekodoa macho, nikamwomba daktari aniachie hizo picha kidogo, nikakaa nazo benchini nikimwonyesha kila anayepita, hata mfagiaji.

Nalala chali bila kukohoa. Ngazi za nyumbani nazipanda moja kwa moja. Hiyo ni kazi yako, mdogo wangu. Natamani wazazi wetu wangekuwepo wakaiona.

Saluni nimepumzika kidogo mpaka kidonda kipone. Wateja wanalalamika lakini watarudi.

Ya viungo: nesi anauliza kila wiki, namjibu hakuna. Na wenzangu watano wanajibu hakuna. Kwa hiyo kundi la pili limeruhusiwa, na Mwalimu ameanza leo, vidonge vinne kila asubuhi. Alivimeza kimoja kimoja, akitoa hesabu kwa sauti.

Dada yako

Mimi mwandishi naongeza langu kwa ruhusa. Dada yako amenieleza wewe ni nani. Siri hiyo nimeifunga. Nina wajukuu wawili ambao hawajajifunza kugawanya, na mwalimu wao wa sasa simwamini. Kama vidonge vyako vitanipa miaka miwili tu, nitawafundisha mwenyewe. Asante. — Mwalimu


29 Aprili

Dada,

Nimeisoma barua yako chooni maabara, kwa sababu ndiko pekee mtu anaweza kulia hapa bila kuulizwa. Viwili! Na vimenyauka!

Matokeo yenu ninyi sita tulisomewa juzi kwenye kikao, kwa namba bila majina. Mkuu aliagiza soda kwa watu wote. "Hakuna kiungo hata kimoja kilichokaza," akasema, akanipiga bega. Kwa vile vivuli vinne nilijua mgonjwa namba nne ni nani, nikanywa soda yangu kimya kama mwizi.

Ni kidole kipi? Tangu nikujue hujawahi kujikata kwa mkasi. Kidonda kisichopona wiki mbili mwonyeshe nesi. Lakini najua unajitunza.

Mwambie Mwalimu salamu zake nimezipata.

Mdogo wako


8 Juni

Mdogo wangu,

Barua ya leo ni fupi. Mwalimu anasema benchi linayumba, ndiyo maana herufi zinaanguka. Mimi mzima. Vivuli havijaongezeka. Kidole kinaendelea vizuri. Nimenenepa, gauni la bluu linanikataa kiunoni.

Usiniulize kila mara kuhusu kidonda. Ungejua uzito wa kumeza kitu kilichotoka mikononi mwa mtu uliyemlea, usingeniuliza.

Dada yako

Nisamehe kwa mwandiko huu. Dada yako ameitwa ndani kupimwa damu, kwa hiyo naandika haraka, ingawa haraka yenyewe sina tena. Benchi haliyumbi. Nimeandika ubaoni miaka thelathini na mmoja, na tangu wiki iliyopita mkono haupandi kupita bega. Wanafunzi wanapata nusu ya chini ya ubao tu. Kiganja kinajikunja chenyewe kama kimeshika yai. Nilimwambia dada yako. Akanifunulia vyake: vidole vyote kumi, tangu Machi. Hakuna mkasi wala kidonda. Hawezi kushika kitana. Akanisihi nisiseme, kwamba nikisema nitatolewa, na wakiwa wawili dawa itafungwa na kazi yako itakufa, na yeye pia atakufa. Amenionyesha picha zake tena. Nimenyamaza. Lakini wewe unaijua dawa. Niambie kama mtu mzima kwa mtu mzima: hali hii inapita, au inaendelea? Nitasubiri jibu lako kabla sijaamua. — Mwalimu


22 Juni

Mdogo wangu,

Anayeandika ni nesi. Yote nimeshamwambia, kwa hiyo hatuna cha kuficha tena, wewe na mimi.

Mwalimu alianguka Jumatatu iliyopita, tarehe 15, shuleni, kwenye ngazi za ghorofa ya pili. Alikuwa amekumbatia madaftari mkono mmoja. Mguu uliteleza, akaupeleka mkono wa pili kwenye reli, na ule mkono haukufumba. Wanafunzi waliokuwa nyuma yake wanasema waliiona: kiganja kiligusa chuma kikateleza juu yake, kigumu kama ubao. Nyonga imevunjika. Tangu jana anapumua kwa shida, wanasema damu imeganda ikaenda kifuani.

Kwenye faili lake wameandika "ameanguka." Basi. Mzee, ngazi, ameanguka. Hakuna aliyeuliza kwa nini hakushika reli.

Nilikaa na neno hilo siku saba. Kila siku nilikwenda kumtazama wodini, na kila siku nilimeza vidonge vyangu viwili asubuhi kabla ya kwenda. Mkewe ananikaribisha kiti. Jana alinishika mkono kunisalimu, akashtuka, akasema, "Na wewe mikono yako kama yake." Hakumaanisha kitu. Mimi niliificha ndani ya kanga nikatoka nje.

Leo asubuhi nikaingia kwa nesi nikafunga mlango. Nikaweka mikono yote miwili mezani kwake. Nikamwambia, "Nifumbe."

Akasema, "Sijakuelewa."

"Jaribu kunifumba vidole."

Akajaribu. Alipoona havifumbi akaniachia, akakaa. "Tangu lini?"

"Machi."

"Kila wiki nimekuuliza."

"Kila wiki nimekudanganya. Na Mwalimu anayo hiyohiyo, mbaya kuliko yangu, na mimi ndiye niliyemkataza kukwambia."

Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Alichukua simu akasimamisha vidonge vya watu wote palepale mbele yangu, watu kumi na wawili, na nikamsikia akitaja namba yangu, nne. Kumbe katika wale wenzangu watano kuna wawili wengine waliokuwa wananyamaza kama mimi. Kila mtu alidhani ni yeye peke yake.

Nimemwambia pia kwamba wewe ni mdogo wangu. Nisamehe. Sikuweza kutoa nusu.

Mimi ningesema Machi, nesi angewabana na wale wawili, dozi isingepandishwa, na Mwalimu asingemeza hata kidonge kimoja. Hilo usijaribu kunipunguzia.

Dada yako


24 Juni

Dada,

Mwalimu amefariki. Huenda umeshajua, mimi nimeambiwa jana na nesi, kwa simu. Alikufa saa mbili asubuhi, mimi nilimpigia nesi saa nne kumweleza yote. Sikujua hata kama alianguka.

Barua yake ya tarehe 8 ilinifikia tarehe 12. Nataka ujue hivyo. Siku tatu kabla ya ngazi. Nilisoma alichokiandika, swali lake na vidole vyako. Ningeweza kupiga simu hapohapo. Simu ilikuwa mfukoni. Niliiweka barua kwenye droo ya chini, juu yake nikaweka kamusi.

Siku kumi na moja. Nilijiambia nasubiri kikao cha Jumatatu, kisha nikajiambia mwandiko wa mzee huharibika. Nilikupigia tarehe 17, unakumbuka, nikakuuliza vidole, ukasema viko sawa, na mimi nilijua haviko sawa nikasema "vizuri." Sababu yenyewe ilikuwa moja, nayo nitakuandikia ingawa aibu inanikata: nikisema, wewe unatolewa kwenye dawa. Niliwapima, wewe na yeye. Nikamwacha yeye.

Na kuna la kabla ya hapo. Novemba, kabla hujaniandikia barua ya kwanza, tuliwapa mbwa wanane dozi kubwa. Wawili wakaanza kutembea kama wanakanyaga miiba. Nikarudi kwenye vipimo nikaona sababu. Kile kijishimo cha Mfagizi ni kifupi, lakini ukuta wake ni laini. Dawa ikiwa kidogo, mkia unagota. Dawa ikiwa nyingi na ikikaa muda mrefu, ukuta unasogea, mkia unapita, Mfagizi anafungwa mdomo kama wengine. Nilimwonyesha mkuu. Akasema, "Kwa binadamu hatutafika kiwango hicho." Nami nikaandika kwenye ripoti: "tofauti inatosha." Maneno mawili, na sahihi yangu chini.

Ulipouliza kama utie sahihi, nilikuwa najua haya yote. Nilikuambia kuhusu Mfagizi kana kwamba ni hadithi ya dawa za watu wengine.

Kisha nikakueleza kwamba wawili wakisema, kazi inafungwa. Nilidhani nakutuliza. Nilikupa sababu ya kunyamaza, nawe ukampa Mwalimu. Breki hazikuwa mikononi mwenu. Zilikuwa hapa, kwenye ripoti ya Novemba, na mimi ndiye niliyezilegeza.

Nesi amenieleza kwamba ulikuwa umeshasema yote, siku moja kabla yangu. Umenitangulia kwa hili kama kwa mengine yote.

Leo mchana naingia kwa mkuu na ripoti.

Mdogo wako


15 Julai

Dada,

Hujajibu, na sikudai.

Nimehojiwa mara tatu na kamati ya watu watano, chumba kimoja, jagi la maji ambalo hakuna aliyeligusa. Mkuu alisema hakumbuki kuonyeshwa vile vipimo. Nilitoa karatasi yenye mwandiko wake pembeni. Akaivuta karibu, akasema, "Ni wangu." Sikufurahi hata kidogo. Ana uso wa mtu aliyezeeka kwa wiki moja.

Nimesimamishwa. Sitagusa chupa tena mpaka waamue, na nadhani wataamua nisiguse kabisa. Wamechukua kadi ya mlango. Vitu vyangu vimetoshea kwenye boksi moja la karatasi.

Utafiti umefungwa. Waliwaza kukuachia wewe peke yako nusu ya dozi, kwa kuwa ilikusaidia, kamati ikakataa. Nilisimama nikakuombea. Wakanikumbusha kwamba mimi ndiye mtu wa mwisho anayestahili kuomba. Walisema kweli.

Ukitaka kunitukana, tumia hata simu.

Mdogo wako


2 Septemba

Mdogo wangu,

Hii naandika kwa mkono wangu. Umeutambua? Herufi kubwa kidogo lakini ni zangu.

Vidole vilianza kurudi mwisho wa Julai. Kwanza gumba, halafu hivi viwili vya kati. Nesi alisema dawa ikitoka mwilini, Mfagizi wako anaamka. Sasa nashika kikombe, nafunga vifungo, na wiki iliyopita nilimsuka shangazi wa jirani. Ilichukua siku nzima na mistari ilipinda, lakini alivumilia.

Na vivuli vimerudi pia. Vilikuwa viwili, sasa ni saba, na kuna kimoja kwenye ini. Kadiri vidole vinavyolainika ndivyo pumzi inavyopungua. Nakohoa mpaka naona nyota. Daktari safari hii hakunionyesha kwa kalamu. Aliiweka picha mezani akageukia dirisha.

Nilikaa kimya kwa sababu nilikuwa na hasira na wewe. Si kwa ajili ya mbwa. Ni kwa sababu ulinipima na Mwalimu ukanichagua mimi, na mimi nilikuwa nimeshajichagua mwenyewe, sasa yule mzee alikuwa na nani? Hakuna aliyekuwa upande wake. Hata barua yake aliiandika kwa kuiba, nyuma ya mgongo wangu, akiwa anasubiri jibu.

Nilikwenda kwa mkewe. Niliona nisife na hilo kooni. Wanakaa ghorofa ya kwanza, mlango wa kijani, vitabu vya hesabu vimepangwa mpaka jikoni. Wajukuu walikuwa sakafuni na kalamu za rangi. Aliwaambia waende chumbani. Nikamweleza yote, tangu Machi, na barua yake kwako, na droo yako. Sikuacha kitu.

Alisikiliza mikono imekaa mapajani. Nilipomaliza akauliza, "Ungesema, angekuwa hai?"

Nikamwambia, "Kwa ngazi zile, ndiyo. Kwa ule uvimbe, sijui."

"Na huyo ndugu yako, kama angepiga simu siku ile?"

"Ndiyo."

Akaokota kalamu ya rangi sakafuni. Halafu akasema, "Alikuwa anarudi kutoka kwenu hospitali anacheka. Alisema amepata rafiki msusi." Akainuka akafungua mlango. Hakunisukuma, alifungua tu na kusimama kando yake. Nilipopita akasema, "Usirudi hapa." Nikamwambia sitarudi.

Sikukwenda nisamehewe. Nilitaka ajue kwamba mumewe hakuteleza kwa uzee. Alijua, na nadhani ilimuuma kuliko alipokuwa hajui, na bado naona ilikuwa haki yake.

Hasira yangu na wewe iliisha njiani nikishuka ngazi zake. Nilizishuka polepole, nimeshika reli, nikawaza: sisi wawili ndio tumebaki tunaojua kila kitu. Sina nguvu ya kumchukia mtu wa pili.

Sasa nina swali, na safari hii utanijibu. Usinizungushe, usiniambie nisijali, usinifundishe ukoo wa vimeng'enya. Wewe unawajua watu wa maabara zote. Kuna kitu kingine? Chochote, popote, cha kuniwahi?

Dada yako


9 Septemba

Dada,

Nimekaa na karatasi tangu asubuhi. Hii ni ya nne.

Ya kwanza niliandika kwamba kazi inaendelea. Ni kweli. Wenzangu wanajenga dawa isiyoigusa zinki kabisa, inayokaa ndani ya kijishimo peke yake, na damu yako na ya Mwalimu ndiyo iliyowaonyesha ni wapi ukuta wa Mfagizi unapoanza kusogea. Nikaichana, kwa sababu watakaoimeza dawa hiyo labda hawajaugua bado.

Ya pili nilikutajia utafiti mwingine, mji mwingine. Nilipopiga simu walisema wanataka mtu mwenye vivuli visivyozidi vitatu. Nikaichana.

Ya tatu ilikuwa ya kuomba msamaha, nikaona hukuniuliza hilo.

Nimempelekea mke wa Mwalimu barua yenye jina langu kamili na anwani, ili akitaka kunishtaki asihangaike kunitafuta. Sijamwomba kitu.

Jibu la swali lako ni hapana, dada. Hakuna kingine. Nimetafuta kila mahali ninapopajua.

Natoka huku Alhamisi, Ijumaa mchana nitakuwa kwako. Sina kadi ya mlango wala kikao cha kuwahi, kwa hiyo sitaulizwa lini narudi. Nitakaa.

Mdogo wako